Maisha ya Augustin Fresnel, Mtu Aliyepunguza Kioo



Zamu hii ukurasa wa maisha ya watu umetufikia sisi wa kalasi ya sita, seksio ya hesabu na fizike. Tumemchagua mtu ambaye jina lake liko katika kaye zetu, lakini maisha yake hatuyasomi: Augustin Fresnel, Mfaransa. Wako wanaofikiri kwamba Fresnel ni jina la fabrike ya taa. Hapana. Alikuwa mtu, tena mtoto aliyechelewa sana kujua kusoma, na mtu mzima ambaye kifua kilimtesa mpaka kikamuua.

Kwa nini yeye? Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, wakiongozwa na profesa Federico Capasso, walitangaza lenzi iliyo bapa kabisa. Haina tumbo kama kioo cha kukuza tunachokitumia katika masomo. Ni kipande cha kioo kilichosimamishiwa juu yake nguzo ndogo sana, na urefu wa kila nguzo ni nanometa 600. Nanometa moja ni milimeta moja ukiigawa mara milioni. Unywele wa mtu ni mnene kuliko urefu wa nguzo hiyo zaidi ya mara mia. Na bado kitu hicho kinakusanya mwangaza mahali pamoja kama lenzi ya darubini. Anayesikia habari hiyo anasema, ni jambo jipya la Wamarekani. Kumbe ni mti wenye mizizi miwili ya zamani, na mizizi yote miwili inapita kwa mtu mmoja, aliyefariki mwaka 1827 akiwa na miaka 39.

Augustin Jean Fresnel alizaliwa tarehe 10 Mei 1788 katika mji mdogo wa Broglie, jimbo la Normandie. Baba yake, Jacques, alikuwa fundi wa kuchora na kusimamia majengo. Mama yake, Augustine, alitoka ukoo wa Mérimée, watu wa elimu na wa picha. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza, na baada ya muda jamaa ikahamia kijiji cha Mathieu, karibu na mji wa Caen. Watoto walikuwa wavulana wanne, na mama yao ndiye aliyewafundisha nyumbani. Walikuwa Wakatoliki wakali sana katika mambo ya ibada, wa kundi lililoitwa Wajansenisti, na Augustin alishika imani hiyo mpaka kufa. Aliona kwamba akili ni kitu alichokabidhiwa, na atadaiwa hesabu yake.

Lakini hiyo akili, wakati wa utoto, hakuna aliyeiona. Alikuwa dhaifu wa mwili. Kukariri maneno kulimshinda kabisa. Alipofika miaka minane alikuwa bado anasoma kwa taabu. Kwa mwalimu wa kawaida huyo ni mtoto wa kukaa nyuma ya kalasi.

Watoto wenzake walikuwa na maoni mengine. Katika kijiji walicheza vita kwa bunduki za matawi na kwa pinde, na Augustin, alipokuwa na miaka tisa, alianza kuchunguza: tawi la urefu gani linarusha mbali zaidi, la upana gani, mti upi unafaa kwa upinde, mbichi au mkavu. Alijaribu moja moja, akashika lililo bora. Vitu vya kuchezea vikawa silaha za kweli, hata wazazi wa kijiji wakakutana, wakavikataza. Sisi tunaona hapo mwanzo wa kazi yake yote. Hakupokea jambo kwa maneno, alilipima.

Mwaka 1801 alienda shule huko Caen, na mwaka 1804, akiwa na miaka 16, alipokelewa katika École Polytechnique ya Paris. Baba yake alikufa mwaka 1805. Mwaka 1806 akaingia École des Ponts et Chaussées, yaani shule ya mainjinia wa madaraja na barabara, na mwaka 1809 akaanza kazi ya serikali. Mwaka huo huo kaka yake mkubwa, Louis, aliuawa vitani Hispania.

Basi Fresnel akawa mtu wa barabara. Kwanza alitumwa Vendée, kisha mwaka 1812 akatumwa Nyons, kusini, kwenye kazi ya njia kubwa ambayo Napoleon alitaka iunganishe Hispania na Italia. Sisi watu wa Goma tunaelewa habari ya barabara. Mawe, vumbi, maji ya mvua, wafanyakazi wanaodai mshahara, hesabu ya kila mkokoteni. Fresnel hakupenda kuamuru watu wala kuwagombeza, lakini aliifanya kazi yake kwa uaminifu. Jioni ndipo alipokuwa huru, akakaa na maswali yake.

Swali lililomsumbua ni hili: mwangaza ni kitu gani? Wakati ule wakubwa wa sayansi Ufaransa walifuata mafundisho ya Newton, kwamba mwangaza ni chembe ndogo sana zinazorushwa na taa au jua, kama mchanga unaorushwa na mkono. Mholanzi Christiaan Huygens, katika kitabu chake cha mwaka 1690, alifundisha vingine: mwangaza unasafiri kama wimbi, na kila sehemu ya wimbi inazaa wimbi jipya mbele yake. Wengi hawakumfuata. Fresnel, huko Nyons, hakuwa na maktaba wala mwalimu. Mwaka 1814 alisikia habari ya mambo mapya yaliyosemwa Paris juu ya mwangaza, na neno moja katika habari hiyo hakulielewa, akamwandikia ndugu yake Léonor amtumie vitabu.

Halafu siasa ikaingia. Mwezi Machi 1815 Napoleon alirudi kutoka kisiwa cha Elba. Fresnel, ingawa alikuwa mgonjwa, aliacha kazi akaenda kujiunga na jeshi la mfalme kumpinga. Hakuwa mtu wa vita, na jeshi lenyewe halikufika mbali. Alifukuzwa kazini, akawekwa chini ya macho ya polisi, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa mama yake, Mathieu. Alipopita Paris, mjomba wake Léonor Mérimée, aliyekuwa mchoraji, alimsaidia kujulikana na François Arago, kijana mwenye jina katika Akademia ya Sayansi. Arago akamtajia vitabu vya kusoma. Vingine vilikuwa vya Kiingereza, na Fresnel hakujua Kiingereza.

Tutazame hali yake. Miaka 27, bila kazi, bila vitabu, afya mbaya, yuko kijijini kwa mama. Akaanza kupima mwangaza.

Alihitaji nukta moja ya mwangaza mkali. Alikosa lenzi ndogo ya kutosha. Alichukua bamba la shaba lenye tundu dogo, akaweka hapo tone la asali. Tone lilijikunja lenyewe kuwa lenzi, likakusanya mwangaza wa jua kuwa nukta moja. Kipimo chake alikitengeneza kwa nyuzi na karatasi ngumu, na vyuma vingine alifanyiwa na fundi wa kufuli wa kijiji. Mbele ya nukta ile aliweka waya mwembamba, akatazama kivuli chake kwa kioo cha kukuza. Kama mwangaza ni chembe zinazokwenda wima tu, kivuli kingekuwa cheusi katikati na chenye ukingo safi. Hakikuwa hivyo. Nje ya kivuli kulikuwa na mistari ya rangi, na ndani ya kivuli chenyewe pia kulikuwa na mistari, mweupe, mweusi, mweupe, mweusi.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi tunalipenda kuliko yote. Alibandika kipande cha karatasi nyeusi upande mmoja tu wa waya. Mara mistari ya ndani ya kivuli ikapotea. Lakini upande wa pili wa waya ulikuwa wazi bado, na mwangaza ulipita hapo kama kwanza! Maana yake ni kwamba mistari ile hailetwi na upande mmoja. Inaletwa na miangaza miwili inayopita pande zote mbili za waya na kukutana nyuma yake.

Kwa asiyeshika jambo hili, aende Kituku asubuhi, ziwa likiwa limetulia, atazame mitumbwi miwili ikipita. Mawimbi ya huu na mawimbi ya ule yanakutana. Mahali ambapo mgongo wa wimbi unakuta mgongo mwingine, maji yanapanda zaidi. Mahali ambapo mgongo unakuta bonde, maji yanabaki kimya. Mwangaza nao ni hivyo: mwangaza ukiongezwa juu ya mwangaza unaweza kuzaa giza. Mtu asikatae mbele ya kujaribu. Simama mbali na taa usiku, weka vidole viwili karibu sana mbele ya jicho, ubaki ufa mwembamba, tazama taa kupitia ufa huo. Utaona mistari myeusi myembamba imesimama ndani yake. Usijaribu hivyo na jua, utaharibu macho. Na zile rangi zinazocheza juu ya maji ya mvua barabarani, pale motokari ilipomwaga mafuta, nazo ni kazi ya mawimbi yanayokutana.

Mwezi Oktoba 1815 alituma maandishi yake Paris. Arago akamjulisha kwamba Mwingereza Thomas Young alikwisha kueleza habari ya mawimbi kukutana miaka zaidi ya kumi mbele yake. Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa mwisho. Fresnel alikubali wazi kwamba Young ndiye wa kwanza, akaendelea, kwa sababu Young alikuwa na wazo lakini hakuwa na hesabu kamili ya kuonyesha kila mstari utaanguka wapi. Fresnel ndiye aliyeitafuta hesabu hiyo. Aliligawa wimbi katika duara moja ndani ya jingine, kila duara ikiwa na njia inayozidi iliyotangulia kwa nusu ya wimbi. Duara za namna moja zinasaidiana, za namna ya pili zinazipinga. Tukumbuke hizo duara, tutazihitaji.

Baada ya Napoleon kushindwa alirudishiwa kazi yake ya barabara, akatumwa Rennes, akawa anaiba saa za usiku na siku za ruhusa kwa ajili ya mwangaza. Mwaka 1817 Akademia ikatangaza mashindano juu ya swali hilo hilo la mwangaza kupinda kwenye ukingo wa vitu. Fresnel alitoa maandishi yake mwaka 1818. Waamuzi walikuwa watano: Laplace, Biot, Poisson, Gay-Lussac na Arago. Watatu wa kwanza walikuwa watu wa chembe, tena watu wazito. Poisson, bingwa wa hesabu, aliichunguza kazi ya Fresnel akitafuta mahali pa kuivunja, akapata. Alionyesha kwamba kama hesabu ile ni kweli, basi ukiweka kisahani cha mviringo mbele ya nukta ya mwangaza, katikati kabisa ya kivuli chake, mahali pa giza kuliko pote, patakuwa na nukta inayong'aa kana kwamba kisahani hakipo. Kila mtu anaona kwamba huo ni upuuzi.

Arago hakubishana. Alichukua kisahani cha chuma cha milimeta 2, akakibandika kwa nta juu ya kioo, akatazama kivuli. Nukta ilikuwepo. Mwaka 1819 Fresnel alipewa zawadi. Tunasema hivi bila kuwacheka wale wazee: Poisson alisoma kazi ya mpinzani kwa makini kuliko rafiki yeyote, na bila yeye pengine hakuna ambaye angetafuta nukta ile.

Sasa tunafika kwenye kioo.

Mwezi Juni mwaka huo huo 1819 Arago alimwingiza Fresnel katika Tume ya Minara ya Taa. Sisi tuko mbali na bahari, tueleze kidogo. Mnara wa taa hujengwa pwani au juu ya mwamba ili meli za usiku zijue mahali pa hatari. Wavuvi wetu wa sambaza katika ziwa Kivu hushusha taa karibu na maji, samaki wakaja. Hapo taa ndogo inatosha, samaki wako chini yake tu. Lakini baharia yuko mbali kilometa 20 au 30, na taa inatupa mwangaza wake juu mbinguni, chini kwenye mawe, nyuma kwenye nchi kavu, pande zote. Unaomfikia baharia ni kidogo tu. Watu waliokaa Goma kabla ya mlipuko wa 2021 wanakumbuka ule mwangaza mwekundu juu ya Nyiragongo usiku, ulioonekana toka mbali. Lakini mlima ni mlima, na taa ya mafuta ni taa ya mafuta. Wakati ule waliweka nyuma ya taa vioo vya chuma vilivyosuguliwa, navyo vilikula karibu nusu ya mwangaza. Meli ziliendelea kuvunjika, na watu kuzama.

Ingefaa kuweka mbele ya taa lenzi kubwa, ikusanye mwangaza na kuutuma upande mmoja. Lakini lenzi kubwa ya kutosha ingekuwa tonge la kioo, zito sana, ghali sana, na kioo kinene nacho kinakula mwangaza. Fresnel alifikiri hivi. Mwangaza unapinda wapi? Unapinda kwenye ngozi ya kioo tu, pale unapoingia na pale unapotoka. Katikati unakwenda wima, kioo cha katikati hakifanyi kazi yoyote ila kuwa mzigo. Basi tukiondoe! Kata lenzi kwa pete, moja ndani ya nyingine. Kila pete ibakize mwinamo wake wa juu, lakini unene wa chini utupwe, halafu pete zote zishushwe zikae pamoja kwenye sakafu moja. Unapata kioo chenye vidaraja kama shamba la mlimani lililokatwa matuta, na kinafanya kazi ile ile ya tonge.

Alipoeleza wazo lake kwenye tume aliambiwa kwamba Buffon alikwisha kulifikiri tangu mwaka 1748. Fresnel hakuwa na habari. Mara ya pili katika maisha yake anakuta mtu alipita mbele! Lakini Buffon alitaka kuchonga vidaraja katika kioo kimoja kizima, kazi isiyowezekana kwa mafundi wa siku zile. Fresnel alitaka kila pete itengenezwe peke yake kwa vipande, kisha viunganishwe. Hilo fundi anaweza. Pamoja na fundi wa vioo François Soleil alitengeneza ukuta wa kwanza wa majaribio kwa vipande 97, na tarehe 13 Aprili 1821 wakaijaribu lenzi yao mbele ya watu mjini Paris. Ilizishinda taa za zamani waziwazi.

Mnara waliouchagua ni Cordouan, uliosimama ndani ya bahari kwenye mdomo wa mto Gironde tangu mwaka 1611. Usiku wa tarehe 25 Julai 1823 lenzi ya Fresnel iliwashwa huko kwa mara ya kwanza. Ndani yake kulikuwa na taa ya mafuta yenye tambi nne, moja ndani ya nyingine, aliyoitengeneza pamoja na Arago, na vioo vilizunguka, hata baharia akaona mwangaza unakuja na kupotea kwa hesabu, akajua kwamba huo ni Cordouan, si mnara mwingine. Ulionekana toka zaidi ya kilometa 32. Mwaka huo huo Akademia ilimchagua kuwa mwanachama, bila hata kura moja ya kumpinga.

Lenzi hizo zilienea pwani za dunia. Minara ya pwani ya Waswahili, kama ule wa kisiwa cha Chumbe karibu na Zanzibar uliojengwa mwaka 1904, ilisimamishwa wakati ambapo duniani mabaharia walikuwa wamekwisha kuzoea taa za Fresnel. Na sisi tusio na bahari tunazo pia bila kujua. Mwenye nafasi atazame kioo cha taa ya nyuma ya motokari, au ile karatasi ngumu ya plastiki yenye mistari ya duara inayokuza maandishi. Apitishe ukucha juu yake. Vile vidaraja vinavyokwaruza ni pete za Fresnel.

Turuke sasa miaka, turudi kwenye lenzi ya nanometa tuliyoanza nayo, halafu tutammaliza Fresnel mwenyewe.

Tumeona kwamba Fresnel alifanya kazi pande mbili. Upande mmoja alipunguza kioo, akaiacha ngozi. Upande wa pili aliligawa wimbi la mwangaza kwa duara, zinazosaidiana na zinazopingana. Katika minara alitumia upande wa kwanza, kwani pete za Cordouan ni kubwa, wimbi halina haja ya kuhesabiwa hapo. Mwaka 1875 mtaalamu Jacques-Louis Soret alitumia upande wa pili: alichora duara zile juu ya kioo, akaziba kwa weusi zile zinazopinga, akaziacha zinazosaidia. Kioo bapa, bila mwinamo wowote, kikakusanya mwangaza! Kasoro yake ni kwamba karibu nusu ya mwangaza inazibwa, inapotea.

Nguzo za Capasso zinaziunganisha pande hizo mbili. Mwaka 2011 yeye na wenzake walionyesha kwamba mwangaza unaweza kupindishwa na vitu vidogo sana vilivyopangwa juu ya uso bapa, kila kimoja kikilichelewesha wimbi kwa kiasi chake. Lenzi yenye tumbo inafanya hivyo hivyo: katikati kuna kioo kingi, wimbi linachelewa zaidi, pembeni ni kidogo, linachelewa kidogo, mwisho mawimbi yote yanafika pamoja mahali pamoja. Sasa badala ya unene wa kioo, kazi ya kuchelewesha inafanywa na nguzo. Katika lenzi ya 2016 nguzo hizo zilikuwa za oksidi ya titani, dawa ile ile inayotia weupe katika rangi ya kuta. Kila nguzo iligeuzwa upande wake kidogo, kama watu katika uwanja waliopangwa kila mmoja kutazama pembe yake. Wimbi la mwangaza tunaouona lina nanometa 400 hadi 700, kwa hiyo nguzo ni sharti ziwe ndogo kuliko hapo na zikaribiane, ili wimbi lisione nguzo moja moja, lione uso mmoja tu. Hazichongwi kwa kisu. Kwanza wanaandika matundu katika ngozi laini kwa mshale wa elektroni, kisha wanayajaza oksidi tabaka kwa tabaka, mwisho wanaiondoa ile ngozi, nguzo zinabaki zimesimama.

Upana wa lenzi hiyo yote ulikuwa karibu robo ya milimeta. Na ilikuwa na udhaifu: kila lenzi ilifanya kazi vizuri kwa rangi moja iliyokusudiwa, kijani au nyekundu au ile ya samawati, kwa sababu kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Mwaka 2018 kundi hilo lilitangaza lenzi iliyokusanya pamoja rangi toka nanometa 470 hadi 670, ikatoa picha ya mwangaza mweupe. Kazi ya kuzifanya kubwa na rahisi haijaisha. Wanaozitamani sana ni watengenezaji wa telefone, kwa maana lenzi za kawaida ndizo zinazofanya kamera ivimbe mgongoni mwa simu. Tantali iliyo ndani ya simu nyingi inatoka kwenye koltani, na koltani tunaijua, inatoka Masisi. Tungependa siku moja watoto wa Masisi wawe pia ndani ya maabara, si ndani ya mashimo tu.

Turudi kwa Fresnel. Tulimwacha mwaka 1823 na taa yake ikiwaka. Mwaka 1821 alikuwa amekwisha kutangaza jambo lingine zito, kwamba wimbi la mwangaza linatikisika kwa upande, kama kamba inayotikiswa, si mbele na nyuma kama sauti. Jambo hilo wenzake wengi lilikuwa gumu kulimeza, hata Arago alisita. Lakini kifua kilikuwa kinamshinda. Mshahara wake haukutosha vyombo vya majaribio, akavinunua kwa fedha zake, na kupata nyongeza alikubali kazi ya kuwatahini wanafunzi wa École Polytechnique. Kazi hiyo ilimchosha kuliko barabara zote. Mwaka 1824 alitapika damu, akalazimika kuiacha. Ugonjwa ulikuwa kifua kikuu, na siku zile hapakuwa na dawa yake.

Alipoona nguvu ni kidogo ilimpasa kuchagua. Juu ya meza kulikuwa na kazi ya mawimbi, ambayo ingemletea heshima kwa wataalamu, na kulikuwa na minara. Aliichagua minara, na mawimbi akayapa saa chache zilizobaki. Mwaka 1825 ilitoka ramani ya kuwasha pwani yote ya Ufaransa kwa minara 51, mikubwa na midogo, pamoja na taa za bandari, kila lenzi kwa daraja lake. Alihesabu mwenyewe pembe za pete, akasahihisha mafundi, akapokea barua za mainjinia. Wako watakaosema alikosea, kwamba bongo kama lile halikuwa la kuhesabia vidaraja vya kioo. Sisi hatukubali. Baharia aliyeko gizani hangoji nadharia iishe.

Mwaka 1825 Royal Society ya London ilimfanya mwanachama wake wa kigeni, kisha ikampa medali ya Rumford. Mwanzo wa mwezi Juni 1827 walimpeleka Ville-d'Avray, karibu na Paris, apate hewa nzuri. Mama yake alikuwa naye huko. Arago ndiye aliyemletea ile medali kitandani, siku chache mbele ya mwisho. Alikufa tarehe 14 Julai 1827, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise, Paris.

Fulgence, mdogo wao wa mwisho, alikuwa mtu wa lugha za Mashariki, akawa mwakilishi wa Ufaransa huko Jeddah, akafa Baghdad mwaka 1855. Léonor, yule aliyeombwa vitabu mwaka 1814, naye alikuwa injinia. Alichukua kiti cha kaka yake katika Tume ya Minara, akaendelea kuwasha pwani mmoja baada ya mwingine kwa kufuata ramani ile. Mama yao aliishi mpaka mwaka 1833.